Dakika Mbili za Giza

Nilichora mihimili mitatu ubaoni,
kama kila Septemba, kwa chaki ya buluu:
Bunge, Serikali, Mahakama,
na mishale ikienda na kurudi
mithili ya mbwa asiyejua bwana wake ni nani.
Nje, mvua ya Welisi ilikuwa imelalia paa la vigae
kama mgeni asiye na haraka ya kuaga.

Ithel, wa dawati la nyuma, hakunyoosha mkono.
Yeye huuliza akitazama dirisha.
"Mwalimu, katika hiyo mitatu,
ni upi uliozima taa za barabara yetu?"

Miaka kumi na tisa nafundisha Uraia.
Nikautazama mchoro wangu. Haukuwa na taa.
Nikasema, "Sijui,"
na darasa zima likaketi wima
kwa mara ya kwanza tangu shule ifunguliwe.

Tukaandika barua. Wilaya ikajibu: ulizeni idara ya barabara.
Idara ikajibu: ulizeni mji.
Mji ukanyamaza wiki tano,
kisha ukaleta kijikaratasi. Azimio namba arobaini na moja:
taa zizimwe saa tatu usiku, kubana matumizi.
Waliounga mkono: sita. Waliopinga: hakuna.
Wananchi waliohudhuria: hakuna.
Hiyo "hakuna" ya pili tuliisoma mara mbili.
"Hapo," Ithel akasema, "ndipo tulipokuwa sisi."

Tegwen Prosser hufunga duka la samaki na chipsi
saa nne kasoro robo.
Hupanda kilima hadi kwao
funguo zimechomoza katikati ya vidole,
simu ikimmulikia nyayo tu.
Hakuwahi kutuambia. Alituambia siku ile,
kwa sauti ya mtu anayesoma bei ya mafuta ya kukaangia.
Mwenye gari hamjui mwenye miguu;
nami nina gari.

Basi, Jumanne moja ya Februari, tukaenda.
Ukumbi wa kanisa la zamani, madiwani sita, birika moja la chai,
Bwana Cadogan na kengele yake ya shaba.
"Mwananchi ana dakika tatu," alisema,
akalitamka neno mwananchi
kana kwamba ni ugonjwa wa kondoo.

Tegwen alikuwa na kurasa nne. Tulizifanyia mazoezi;
nilimsahihishia hadi nukta.
Akasoma moja. Akazikunja zote.
Akatembea mpaka mlangoni, akabonyeza swichi.

"Zimebaki mbili," alisema. "Ni zangu."

Jamani, dakika mbili ni ndefu.
Kikombe kilianguka. Mtu aliuliza, "Nani huyo?"
Mwingine akacheka, kisha akaacha.
Nilisikia pumzi za wanafunzi wangu
nikawatambua mmoja mmoja,
kama ninavyotambua madaftari yasiyo na majina.
Na upande wa meza kuu, mwanamke akanong'ona:
"Hata binti yangu hupita njia hiyo."

Mnataka niseme walishinda?
Hoja ilipelekwa kamati ndogo,
na kamati ndogo ni mahali hoja zinapopelekwa kuzeeka.
Kilima bado kina giza.
Mtihani wa Juni uliuliza: Eleza maana ya uraia hai. Alama nne.
Ithel aliandika ukurasa mzima. Akapewa mbili.

Ila kabla ya hapo, mwezi Machi,
kumbukumbu za kikao zilibandikwa kwenye mlango wa ukumbi,
na humo: "Kijana mmoja alivuruga kikao kwa kuzima taa."
Tegwen alizisoma akiwa bado na aproni.
Sikumtuma. Sikujua hata kwamba amerudi kule,
peke yake, kwa dakika zake tatu,
mpaka karatasi ya Aprili ilipofika mezani kwangu
ikinuka siki:

Marekebisho. Ukurasa wa tatu, mstari wa saba.
Futa "kijana mmoja".
Andika: Tegwen Prosser, mkazi.
Futa "alivuruga".
Andika: alihutubia.